Kufuli Mbili

Injinia Cheruto aliniletea kurasa arobaini
zilizobanwa pini, zenye mishale
inayokimbizana kama vifaranga waliomwona mwewe.
"Hivi," akasema, "ndivyo siri inavyosafiri
kutoka simu hadi simu bila kusomwa njiani.
Bandika yote ukutani."

Nikamwuliza: mtu mwenye mfuko wa kalamu za bure,
mtoto mgongoni, na kiu,
atausimamia ukuta wako kwa muda gani?
Mimi nilishahesabu, maonyesho ya mwaka juzi:
pumzi nne. Ya tano yuko banda la jirani
wanakogawa maziwa lala.

Basi nikashuka Kamukunji,
penye nyundo mia zisizokubaliana mdundo,
nikamwambia Musembi: nipigie sanduku la bati,
ukubwa wa mkate, lenye masikio mawili ya kufuli,
likae juu ya reli, liende na kurudi
baina ya meza mbili.
"La kuweka nini?"
Siri.
Akacheka, akapima kwa shubiri,
akataja bei ya mtu anayejua siri ni ghali.

Mchezo ni huu, usikilize kwa mikono:
andika neno, litie ndani, funga kwa kufuli yako nyekundu.
Sukuma. Wa upande wa pili hawezi kufungua,
basi anaongeza yake, ya buluu, anakurudishia.
Unatoa nyekundu. Unasukuma tena.
Imebaki buluu, na ufunguo wa buluu
haujatoka mfukoni mwa mwenyewe.
Safari tatu za sanduku. Hakuna ufunguo uliopanda reli.

Kurasa arobaini zikawa mikono minne.
Nilijivuna. Usiniulize kiasi gani.

Usiku wa kuamkia maonyesho, ukumbi wa KICC
unanuka gundi na chipsi zilizopoa.
Taa ya banda letu inakonyeza
kwa sababu waya nimeukanyaga mimi mwenyewe.
Ekai, askari wa zamu, kasimama na tochi:
"Na mimi nijaribu?"

Akaandika neno, sikuliona.
Akafunga nyekundu, akasukuma.
Cheruto akaongeza buluu, akarudisha.
Ekai hakutoa yake. Akaliangalia sanduku
anavyoangalia kitambulisho getini:
picha, uso, picha tena.
"Madam, hii ya buluu,
nitajuaje ni yako?
Nikijificha mimi hapa katikati ya reli
na buluu yangu niliyonunua Gikomba,
si nitaifunga, nirudishe, nifungue, nisome?
Siri ya wawili, wa tatu mimi."

Nikamtazama Cheruto.
Cheruto akatazama viatu vyake.
"Huo," akasema taratibu, "ni ukurasa wa thelathini na moja."
Ule niliouandikia pembeni, kwa wino mwekundu: unachosha.

Saa sita na robo. Gundi imeganda koponi.
Tukakata reli, msumeno ukalia
hadi wa banda la matrekta wakatuzomea.
Tukaweka kiti katikati, pazia jeusi,
na kufuli ya buluu ya mwizi.
Musembi tulimwamsha kwa simu; akaja na muhuri wake wa chuma
na bei ya usiku,
akaigonga ile ya kweli chini ya tumbo,
pasipoonekana mpaka uipindue.

Ukutani maneno sita tu:
Kabla hujafungua, geuza. Ni ya nani?

Asubuhi, mwanafunzi mmoja wa sare ya kijani
alikaa nyuma ya pazia saa nzima, akiiba,
mwalimu wake akimwita, yeye akiiba.
Sijui tulimfunza kulinda au kudokoa.

Na karatasi ya Ekai? Aliifuata alfajiri, kabla ya kubadilishana zamu,
na ufunguo wake mwekundu kwenye kamba ya filimbi.
"Uliandika nini?" nikamwuliza.
Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.
"Kwani," akasema, "nyinyi mmejenga nini?"